Mpunga Unaostahimili Chumvi

Mkulima wa mpunga, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa jaruba wakati wa jua, na ncha za majani zinakauka ingawa maji yapo, yafaa ushuku chumvi. Usikimbilie kumwaga mbolea. Mbolea haiondoi chumvi. Kwanza ujue chumvi inavyoudhuru mpunga.

Ndani ya chumvi mna sodiamu. Mpunga hauna haja nayo. Unahitaji potasiamu, ambayo bila hiyo majani hayawezi kutengeneza chakula. Lakini vitu hivi viwili hufanana. Sodiamu ikizidi udongoni huingia mizizini, hupanda pamoja na maji mpaka majanini, na kushika mahali pa potasiamu. Ndipo jani hufa.

Huko India ziko aina za asili zinazostahimili chumvi. Pokkali hulimwa pwani ya Kerala, katika mashamba yanayoingiliwa na maji ya bahari. Katika aina nyingine, Nona Bokra, wataalamu waligundua mwaka 2005 jeni moja, yaani agizo la urithi lililomo ndani ya mbegu. Jeni hiyo huufanya mmea uwe na vijilango kando ya mishipa inayopandisha maji. Vijilango hivyo huitoa sodiamu katika maji yale na kuizuia mizizini, na potasiamu ikabaki kufanya kazi yake majanini. Mwaka 2012 wataalamu wa Australia walieleza kwamba ngano iliyopewa jeni ya namna hii kwa kuzalishwa na ngano ya kale ilizidisha mavuno hadi asilimia 25 katika shamba la chumvi.

Lakini angalia: jeni hulinda jani, haisafishi shamba. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Peleka udongo ukapimwe. Kama ni wa magadi, mwulize Bwana Shamba habari za kutia jasi.

2. Nunua mbegu iliyothibitishwa kustahimili chumvi, wala usiichanganye na nyingine.

3. Otesha kitalu mahali pasipo chumvi, maana miche michanga ni dhaifu. Hamisha iliyokwisha pata nguvu.

4. Kabla ya kupanda, jaza jaruba maji yasiyo na chumvi, kisha yatoe kwa mfereji.

Jaruba lisilo na njia ya kutolea maji huongeza chumvi kila msimu, na mwisho hata mbegu bora itashindwa. Chimba mfereji kwanza.