Utelezi Ndani ya Simtanki: Kwa Nini Dawa Pekee Haitoshi

Ingiza mkono ndani ya simtanki ambalo halijaoshwa kwa mwaka mzima, kisha pitisha kidole ukutani. Kidole kitateleza. Maji yanayotoka kwenye tanki hilo huenda ni maangavu na hayana harufu, lakini ule utelezi unaishi.

Katika kata ya Morotonga, jirani na mji wa Mugumu wilayani Serengeti, maji hupita vyombo vingi kabla ya kufika mdomoni. Chanzo kikubwa cha mji huo ni Bwawa la Manchira. Kutoka chanzo hadi kikombe kuna bomba, tanki, dumu na ndoo. Watu wengi huuliza kama chanzo ni salama, na wana haki ya kuuliza. Swali la pili husahaulika: je, vyombo vyenyewe vikoje?

Utelezi huo ni makazi ya bakteria. Bakteria anayeelea majini akigusa ukuta wa bomba au plastiki hujishikiza, huzaana, kisha hutoa ute unaomfunika pamoja na wenzake. Katika ute huo hunasa udongo laini, kutu na mabaki ya mimea, na vyote huwa chakula au kinga. Ule utando unaojijenga kwenye meno asubuhi ni wa aina hiyo hiyo. Mwaka 1683, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno yake, akautazama kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe, akaona viumbe wadogo wakiogelea ndani yake.

Wengi wa bakteria hao hawana madhara. Hatari ni kwamba makazi hayo hupokea wageni. Kijidudu cha maradhi kikiingia na maji machafu, kinaweza kujificha ndani ya ute na kudumu muda mrefu kuliko kingedumu kikielea peke yake. Kisha kipande cha utando kikibanduka, kinashuka na maji hadi kwenye kikombe.

Hapa ndipo klorini inaposhindwa na kazi ambayo watu huitegemea ifanye. Klorini huua kwa kuunguza kemikali za mwili wa kijidudu, lakini haichagui: huunguza pia ute, tope na kila uchafu wa asili inaoukuta njiani. Ikimwagwa kwenye tanki lenye utando mnene, huishia kwenye tabaka la juu. Bakteria wa chini hubaki salama, na siku chache baadaye ukuta unateleza tena. Aliyemwaga dawa anaamini amesafisha tanki, kumbe amesafisha maji ya siku ile tu.

Mgao wa maji huzidisha tatizo. Bomba likikauka, msukumo hupungua na maji machafu ya ardhini yanaweza kufyonzwa kupitia nyufa. Maji yakirudi kwa kasi, hukwangua kuta za bomba. Watafiti Emily Kumpel na Kara Nelson walipima jambo hili katika miji ya Hubli na Dharwad nchini India, ambako maji hutoka kwa mgao, na mwaka 2014 walionesha kuwa maji ya mwanzo baada ya bomba kufunguliwa yalikuwa na tope na bakteria wengi zaidi kuliko yaliyofuata. Kwa hiyo maji yanaporudi, usiyaelekeze moja kwa moja kwenye tanki. Yakinge kwenye ndoo ya kudekia au kumwagilia bustani mpaka yatoke maangavu.

Wajapani wanaujua utando huu kupitia bafu zao. Katika nyumba nyingi za huko, familia huoga mwili kwanza, kisha hujiloweka kwa zamu katika maji yale yale ya moto. Yakipoa, hurudishwa kwenye hita kwa bomba na kupashwa upya. Bafu za zamani zina matundu mawili ukutani: maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hutoka tundu la juu, na yaliyopoa huingia tundu la chini, bila pampu. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha hita nyingi za jua zenye tanki juu ya paa. Mafuta ya ngozi huingia bombani na kulisha utando mahali ambapo brashi haifiki. Ndiyo maana hutumia unga wa sodiamu pakaboneti: ukiyeyuka majini hutoa hidrojeni peroksaidi, na mapovu yake ya oksijeni hubandua utando.

Wana sababu ya kuhangaika. Mwaka 2002, katika mji wa Hyuga, bafu la umma lililokuwa likizungusha maji yake lilisababisha wagonjwa 295 na vifo saba. Mhusika alikuwa bakteria Legionella, ambaye hustawi katika maji ya nyuzijoto 20 hadi 45 na hushambulia mapafu ya mtu anayevuta matone madogo mno ya maji hayo. Kwenye nyuzijoto 60 hufa. Hoteli na nyumba zenye hita ya jua zizingatie hilo: tanki la maji vuguvugu yaliyolala wiki nzima si salama kwa bomba la mvua.

Kwa simtanki, utaratibu ni huu. Mwaga maji yote pamoja na tope la chini. Sugua kuta, sakafu na mfuniko kwa brashi na sabuni, kisha suuza. Baada ya hapo ndipo dawa ifanye kazi: jaza maji, weka klorini ifike miligramu 50 kwa lita. Kwa tanki la lita 1,000, ni takriban lita moja na nusu ya dawa ya kung'arisha nguo isiyo na manukato yenye asilimia 3.5 ya haipokloriti. Fungua mabomba mpaka harufu ya klorini isikike, yafunge, acha saa 24, mwaga, suuza. Maji hayo hayanywewi. Usichanganye klorini na tindikali wala dawa nyingine, kwani hutoa gesi ya sumu. Na mtu asiingie ndani ya tanki bila mwenzake kusimama nje.

Dumu lenye mdomo mwembamba halipokei brashi. Njia ambayo wengi wanaijua ni sahihi: tia kokoto safi, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza, kisha weka dawa. Kokoto ndizo zinazobandua utando, dawa humalizia.

Shule na zahanati zenye matanki zipange usafi huu kabla ya kila msimu wa mvua, wakati maji ya bwawa na ya paa huja na tope zaidi, na ziandike tarehe kwa rangi kwenye ubavu wa tanki. Mzazi au mgonjwa akiisoma, atajua kama ana haki ya kuuliza.