Kiburi cha Mtu wa Ibada

Ndugu msikilizaji, kikitajwa kiburi upesi tunamfikiria tajiri asiyesalimia majirani, au kijana anayeringia gari. Leo natupia macho kiburi cha mtu anayesali, maana hicho ndicho kigumu kukitambua.

Tumchukue Uzia, mfalme wa Yuda. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Alimtafuta Mungu siku za Zekaria, na mambo yakamnyokea. Aliwapiga Wafilisti, akajenga minara Yerusalemu, akachimba visima kwa ajili ya mifugo yake mingi. (Tunaambiwa alipenda sana kilimo, sifa tusiyoisikia mara nyingi kwa wafalme.) Jeshi lake lilikuwa na askari 307,500.

Sasa angalia alipojikwaa. Hakwenda kwenye sanamu, wala hakupora mali ya mtu. Aliingia hekaluni, akashika chetezo, akataka kufukiza uvumba mwenyewe, kazi iliyokuwa ya makuhani wa ukoo wa Haruni peke yao. Mtu wa nje angesema, huyu kweli mcha Mungu! Kumbe moyoni alikwisha kujiona kuwa hakuna mlango unaofungwa mbele yake.

Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamfuata, wakamwambia atoke. Hapo nafasi ya kurudi nyuma bado ilikuwapo. Mfalme akakasirika, na katika ile hasira, chetezo kikiwa mkononi, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso.

Kwangu mimi, hasira hiyo ndiyo kipimo. Mzee wa kanisa aliyeshika hazina miaka 20 akiulizwa hesabu anawaka: "Ninyi mlikuwa wapi tulipoanza?" Mwimbaji wa kwaya akihamishwa mstari wa mbele, Jumapili inayofuata haonekani. Hao siwaiti wanafiki. Wametumika kwa kweli, na utumishi wenyewe wameugeuza kiti cha enzi.

Uzia aliishi nyumba ya peke yake hadi kufa, mwanawe Yothamu akiamua mambo ya nchi. Mwaka 1931 mtaalamu wa mambo ya kale, E. L. Sukenik, alikitambua mjini Yerusalemu kibao cha jiwe kilichochongwa karne nyingi baada ya mfalme huyo. Kinaeleza kwamba mifupa ya Uzia ililetwa pale, na kinakataza mtu kupafungua.