Akishalishika Jembe Si Mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema kwamba akishalishika jembe aendelee kuitwa mgeni.

Twayasema haya kwa wakazi wa Katubuka, na wa Kigoma na Ujiji kwa jumla. Wamanyema walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo katika karne ya 19. Leo ni nani atakayeisimulia Ujiji bila wao? Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walikuta Kiha kikisikilizana na Kirundi chao. Mwaka 2014, zaidi ya 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Lakini cheti hutolewa ofisini. Undugu hutolewa mtaani, msibani, harusini na mwaloni. Mtu anayechanga sanda na kubeba jeneza pamoja nasi, kisha mwanawe akaitwa "mkimbizi" katika ugomvi wa watoto, amedhulumiwa.

Watoto hawalibuni neno hilo, hulisikia nyumbani. Wazazi, tulikomeshe huko huko. Na kabla ya kumwuliza jirani alikotoka, tuwaulize kwanza babu zetu. Huenda nao wakatuonyesha ng'ambo ya ziwa.