Ushoroba wa Derema: Kiungo cha Misitu ya Usambara Mashariki
Msitu uliokatwa vipande hupoteza viumbe wake hata kila kipande kikilindwa, kwa kuwa wanyama na mbegu hushindwa kuvuka mashamba. Ndiyo sababu Serikali ilitenga Ushoroba wa Derema, jirani na Bulwa wilayani Muheza, wenye takribani hekta 960, kuunganisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, na misitu ya kaskazini yake. Zaidi ya wakulima 1,000 waliolima iliki chini ya miti hiyo waliacha mashamba yao na kulipwa fidia.

Misitu hiyo ni chanzo cha Mto Zigi, unaolipatia maji Jiji la Tanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.