SOKO LA FILAMU: Sifa nyingi, mapato haba

Sifa hazilipi gharama. Soko la Marekani lilithibitisha hilo mwaka 2012 kwa filamu ya matukio ya kweli, "Ai Weiwei: Never Sorry".

Filamu hiyo ya Alison Klayman inamhusu msanii wa China aliyeikosoa serikali yake na kushikiliwa kwa siku 81 mwaka 2011. Ilianza kuonyeshwa Julai 27, ikiwa tayari na tuzo maalumu ya majaji wa tamasha la Sundance. Mapato ya mlangoni nchini humo yaliishia takriban dola nusu milioni.

Siku hiyo hiyo ilianza "Searching for Sugar Man", kuhusu mwanamuziki Rodriguez. Hiyo ilivuka dola milioni 3, ikisukumwa na tuzo ya Oscar ya Februari 2013.

Kwa kawaida jumba la sinema hubaki na karibu nusu ya fedha za tiketi. Nusu ya pili humwendea msambazaji, ambaye hukata kwanza gharama za matangazo. Mtengenezaji hupokea mwisho, kama kuna kilichobaki.

Filamu ya Ai ilikuwa na mizigo miwili zaidi. China, iliyokuwa soko la pili kwa ukubwa duniani mwaka huo, haikuionyesha katika majumba yake. Naye Ai, aliyenyimwa pasipoti hadi Julai 2015, hakuweza kusafiri kuitangaza.

Ndiyo maana wenye filamu za namna hii hutegemea mauzo ya televisheni na video. Kwao, jumba la sinema ni tangazo kuliko ghala.