Kiti cha Mtoto Garini: Je, Kimekaza?

Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo mpaka kizuiwe na kani. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde. Likigonga na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huhitaji kani ya nyutoni 1,400 hivi ili asimame pamoja nalo, yaani sawa na uzito wa mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono ya mzazi iwezayo kumzuia.

Kiti kilicholegea humwacha mtoto aendelee kwenda wakati gari linasimama; kisha husimama kwa ghafla zaidi, na kani huongezeka. Kwa hiyo kiti kijaribiwe ndani ya gari lenyewe. Kitako chake kilale sawasawa, na mkanda utoshe kukizunguka na kufungika. Kisha kishikwe pale upitapo mkanda, kitikiswe: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijakaza.

Kiti kinachomwelekeza mtoto nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani ukifumka waweza kumwua.

Mwanafunzi na akokotoe: kasi ikiwa maradufu, kani itakuwa kiasi gani?