Maziwa, Malambo na Misitu ya Singida

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Yote mawili yako karibu na nyumba za watu kiasi kwamba mgeni anayeshuka kwenye basi anaweza kuyafikia kwa miguu. Maji yake hayanyweki, kwa kuwa yana chumvi na magadi. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida iko katika Bonde la Kati, sehemu ya Tanzania ambayo mito yake haifiki baharini, na ofisi ya bodi ya maji ya bonde hilo iko Singida mjini. Mvua inaponyesha, maji huteremka kutoka kwenye mawe na mashamba yakiwa na chumvi kidogo ya ardhini, hujikusanya kwenye mabonde haya mafupi, kisha hukosa pa kutokea. Jua huyachukua, chumvi hubaki. Mvua za mwaka hapa ni takriban milimita 500 hadi 800, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na jua la miezi iliyobaki hukausha zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ufuko wa Singidani haukai mahali pamoja. Mwezi wa nne maji huweza kugusa mashina ya vichaka. Mwezi wa kumi hurudi nyuma na kuacha tope lililopasuka vipandevipande, kila kipande kikiwa na ukingo mweupe wa magadi, na juu yake nyayo za ndege zilizokaukia hapohapo. Pembeni yamesimama mawe makubwa ya matale, mengine yakiwa yamepandana kama yaliyowekwa kwa mkono. Ni mabaki ya mwamba mmoja uliochimbwa na maji na hewa kwa muda mrefu mno, udongo laini ukaondoka, mabonge magumu yakabaki. Mijusi wenye vichwa vyekundu huota jua juu yake, na pimbi hujificha kwenye nyufa.

Wengi huja kwa ajili ya ndege. Heroe wadogo, ambao watu wengi huwaita flamingo, hula vijimea vidogo vya rangi ya kijani vinavyostawi kwenye maji ya magadi, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Hawakai muda wote. Huhama ziwa moja hadi jingine kwa kufuata chakula, na kuzaliana huenda hasa Ziwa Natron. Anayefika Singidani asiwakute hajadanganywa na mtu. Maji yamebadilika tu. Mwari nao huonekana, na kuanzia karibu na mwisho wa mwaka huongezeka ndege wadogo wa majini wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kuwatazama kunataka utulivu na umbali. Kundi likishtuliwa huruka lote, na nguvu iliyokusudiwa kwa kula hupotea bure.

Chumvi haikufukuza samaki wote. Ipo jamii ya perege iliyozoea maji ya namna hii, isiyo asili ya nchi nyingine yoyote; makazi yake ni Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani na eneo la Bahi. Kwa uvuvi hasa, lakini, ziwa la kwenda ni Kitangiri, magharibi mwa mkoa. Hilo hupokea maji ya mbuga ya Wembere, na likijaa humwaga kupitia Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Kwa kuwa lina mlango wa kutokea, maji yake hayakolei chumvi kama ya Singidani. Njia ya kuelekea huko hupita Sekenke, mteremko unaojulikana na kila dereva wa malori ya kwenda Mwanza, penye historia ya dhahabu tangu enzi za Wajerumani.

Kisha kuna malambo, yaliyotengenezwa kwa kukinga maji ya korongo kwa tuta la udongo ili mifugo inywe kiangazi. Si ya kupendeza sana machoni, lakini yanaeleza mengi. Lambo ambalo juu yake pana miti hukaa miaka mingi; lile ambalo vilima vyake vimekatwa hujaa mchanga na tope, likawa uwanja. Maji yake hayana chumvi, yana konokono, na kichocho huenezwa na konokono hao. Kuogelea humo si jambo la kujaribu.

Misitu ya mkoa ni miombo na vichaka, wala si misitu mirefu ya milimani. Mgori, upande wa mashariki, ni msitu wa miombo unaojulikana na wataalamu wa misitu kwa sababu katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka vilikabidhiwa ulinzi wake, kabla Sheria ya Misitu ya 2002 haijaipa misitu ya vijiji msingi wa kisheria. Tembo hupita humo, kwa hiyo haufai kutembelewa bila mwenyeji. Upande wa Itigi kuna kichaka kinene cha miti mifupi iliyosongamana, aina ambayo mbali na hapo hupatikana hasa Zambia. Mtu hawezi kukipenya nje ya njia, lakini ukikiangalia kutoka barabarani wakati wa majani unaelewa kwa nini asali ya Manyoni na Itigi inasifiwa. Kusini zaidi, Mto Kizigo hupita katika pori la akiba na kuingia bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80. Ndiyo sehemu ya Singida ambayo maji yake hufika Bahari ya Hindi, kupitia Ruaha Mkuu na Rufiji.

Kwa mwenye siku moja, Singidani na Kindai yanatosha. Kitangiri inataka usafiri wa uhakika. Miezi ya Juni hadi Oktoba njia hupitika vizuri, ingawa wakati wa mvua ndipo nchi inapopendeza. Katika pori la Itigi na Rungwa kuna mbung'o wanaovutwa na rangi nyeusi na ya buluu, hivyo nguo za rangi hizo ziachwe nyumbani. Kibali cha pori la akiba hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), cha hifadhi za misitu za serikali na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kwa msitu wa kijiji anayepaswa kuonwa kwanza ni mwenyekiti au mtendaji wa kijiji.